Msalaba wa manyasi juu ya mlango: Ireland inapoikaribisha nuru mwezi wa pili

Swali la msomaji: "Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Moshi, na sasa nahudumia wazee katika mji wa Ennis, Ireland. Mwisho wa Januari mwanangu wa darasa la pili alirudi kutoka shule na msalaba uliosukwa kwa manyasi. Akasema tuutundike juu ya mlango kwa sababu ni siku ya Brigid na majira ya baridi yamekwisha. Nje barafu ilikuwa imegandia vioo vya magari! Bibi jirani naye alikuwa ameacha kitambaa kichakani usiku kucha. Mwenzangu kazini akanionya kwamba hayo ni mambo ya wapagani wa Kiselti, yanaitwa Imbolc. Sisi ni Walutheri. Hii ni sikukuu gani, ni ya nani, na kwa nini wanasema baridi imekwisha wakati bado inauma? Na msalaba niuache au niutoe?"

Dada yangu, nitaanza na kondoo, maana ukimwelewa kondoo wa Ireland, ule msalaba, kile kitambaa na lile neno Imbolc vitaeleweka bila shida.

Kwetu kondoo mwekundu wa Kimasai huzaa mwezi wowote. Kinachomtawala ni malisho, na malisho yanatawaliwa na mvua. Kondoo wa kaskazini ana bwana mwingine, naye ni mwanga. Kiangazi chao kikipita na usiku ukaanza kurefuka, mwili wake hutoa kwa muda mrefu zaidi homoni ya giza iitwayo melatonini, na hiyo ndiyo inayomwamsha kutaka dume. Akipandwa mwanzoni mwa Septemba, mimba yake ya siku 147 hivi humfikisha mwisho wa Januari. Ndiyo kusema kwamba wiki ile mwanao alipoleta msalaba, ilikuwa ni wiki ya viwele kuanza kujaa. Barafu ilikuwa juu ya magari, na maziwa yalikuwa njiani.

Sasa jiweke katika nyumba ya mfugaji wa Ireland miaka 1,200 iliyopita. Viazi havijafika bado kutoka Amerika. Utajiri wa mtu ni ng'ombe wake, na ng'ombe wamekauka maziwa kwa sababu nao wanangoja kuzaa majani yakishaota. Watu wamekula miezi mitatu uji wa nafaka, nyama ya chumvi na siagi ya mwaka jana, na kila jioni mama wa nyumba anachungulia ghalani kupima kilichobaki. Nyasi hazioti mpaka udongo upate joto la nyuzi 6 hivi. Katika hali hiyo jike la kwanza la kondoo linazaa, na kikombe cha kwanza cha maziwa mapya kinaingia ndani. Hapo ndipo sikukuu hii ilipo. Watu wengi wanaoieleza siku hizi hukimbilia moto na jua, na mimi nadhani wanaanzia mahali pasipofaa. Nuru yenyewe ilionekana kwanza kwenye kiwele.

Hata jina linasema hivyo. Imbolc (herufi b haisikiki wanapolitamka) hufasiriwa na wengi kuwa "tumboni", kwa maana ya mimba. Kamusi moja ya kale ya Kiayalandi, iliyoandikwa kama mwaka 900 na kuhusishwa na Cormac mac Cuilennáin, askofu na mfalme wa Munster aliyeuawa vitani mwaka 908, ililifasiri kuwa "maziwa ya kondoo". Wanaisimu wa leo hawaukubali uchambuzi wa Cormac wa neno lenyewe. Lakini yeye alikuwa karibu na mashamba hayo kuliko sisi, na alichokiona katika siku hiyo ni maziwa. Simulizi ya kale ya shujaa Cú Chulainn kumposa Emer nayo inaitaja Imbolc kuwa ni wakati kondoo wanapokamuliwa, mwanzo wa majira ya kuchipua. Na kuna beti za zamani zinazosema haki ya siku hiyo ni kuonja kila chakula kwa utaratibu, na kunawa mikono, miguu na kichwa. Maziwa, chakula, kunawa. Habari tulizonazo za nyakati za mwanzo zinakaribia kuishia hapo.

Nije kwenye baridi, maana swali lako ni la haki kabisa. Mtu wa Moshi hana sababu ya kulijua jibu. Kwetu, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote haifiki hata nusu saa. Jua linachomoza saa 12 na kitu, linazama saa 12 na kitu, na saa zetu tumezihesabu kwa jua hilo hilo. Dublin tarehe 21 Desemba jua huchomoza saa 2 na dakika 38 hivi asubuhi, tukihesabu kwa saa zetu, na kuzama saa 10 na dakika 8 jioni. Mchana wote ni saa saba na nusu. Ikifika tarehe 1 Februari linachomoza kama saa 2 na dakika 10, linazama saa 11 na dakika chache. Mchana umeongezeka karibu saa moja na nusu, na unaendelea kuongezeka zaidi ya dakika 3 kila siku. Wewe unayeingia zamu gizani na kutoka gizani utakuwa umeiona jioni moja ukirudi nyumbani: mbingu bado ina weupe, na moyo unashtuka.

Waayalandi wa kale waligawanya mwaka kwa mwanga, wala hawakuupima kwa joto. Majira yao ya baridi yalianza tarehe 1 Novemba, siku ya Samhain, na yakaisha mwisho wa Januari, hivi kwamba siku fupi kuliko zote iliangukia katikati. Majira ya kuchipua yakaanza tarehe 1 Februari, kiangazi tarehe 1 Mei kwa sikukuu ya Bealtaine, na mavuno tarehe 1 Agosti kwa Lughnasadh. Joto huchelewa nyuma ya mwanga, kwa sababu bahari inayoizunguka Ireland hupoa polepole na kufikia ubaridi wake mkubwa mwisho wa Februari na Machi. Idara yao ya hali ya hewa, inayopima joto, huanza majira hayo tarehe 1 Machi. Kwa hiyo mwanao hakukosea na wewe hukukosea. Mmetumia kalenda mbili. Kuna msemo wa wazee wao wanaomtia Brigid kinywani: "Kuanzia siku yangu, siku moja moja itakuwa njema." Hakuahidi joto, ameahidi siku moja nzuri katika kila mbili. Ukikaa Clare, wilaya yenu hiyo, utajua kwamba hiyo ni ahadi ya mtu anayeifahamu nchi yake. Na mshairi kipofu wa Mayo, Antoine Ó Raifteirí, aliyefariki mwaka 1835, alisema kwamba majira yakija na siku kuanza kurefuka, sikukuu ya Brigid ikishapita, atatweka tanga lake aondoke. Mtu asiyeona ndiye aliyeisema vizuri kuliko wote habari ya siku kurefuka. Mwanao akiendelea na shule hapo, hana budi kukutana na shairi hilo.

Brigid ni nani basi? Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja ambao nimekutana nao kwa Wakristo wa kwetu: huyu si Brigita wa Sweden, ambaye aliishi karne ya 14. Huyu ni Brigid wa Kildare. Kwa mapokeo alizaliwa kama mwaka 451 huko Faughart, katika wilaya ya Louth, akaanzisha monasteri mahali palipoitwa Cill Dara, yaani kanisa la mwaloni, na akafariki kama mwaka 525. Mtawa aitwaye Cogitosus aliandika maisha yake kwa Kilatini kama mwaka 650, na katika maandishi hayo tayari siku yake ni tarehe 1 Februari, na umati wa watu unamiminika Kildare kuiadhimisha. Humo utamkuta Brigid akigawa siagi kwa maskini na chombo kisipungue, ng'ombe wake wakikamuliwa mara tatu kwa siku moja ili wageni wapate maziwa, na vazi lake lililolowa mvua akalitundika juu ya mwali wa jua kana kwamba ni kamba ya kuanikia. Maziwa na mwanga, tena pamoja.

Kuhusu mungu wa kike mwenye jina hilo hilo, kamusi ile ya Cormac inamtaja Brigit binti wa mungu Dagda, aliyeheshimiwa na washairi, na dada zake wawili wenye jina moja naye, mmoja wa uganga wa tiba na mwingine wa uhunzi. Tuitazame miaka bila pupa. Mtakatifu na sikukuu yake vimeandikwa kama mwaka 650. Mungu wa kike ameandikwa na Wakristo kama mwaka 900. Hilo halimaanishi kwamba huyo mungu alibuniwa. Mimi naamini jina ni la kale kuliko Ukristo, na kwamba siku ya maziwa ilikuwapo kabla mtakatifu hajapewa. Lakini anayekwambia anajua kwa undani ibada walizofanya wapagani wa Ireland siku ya Imbolc anakwambia zaidi ya kile maandishi yanachobeba. Pia usikubali kirahisi neno "Waselti wote". Ushahidi wetu wa siku hii unatoka kwa watu wa lugha za Kigaeli: Ireland, Uskoti, na kisiwa cha Man. Ile "gurudumu la mwaka" yenye sikukuu nane, unayoikuta kwenye mabango na intaneti, ilipangwa Uingereza katikati ya karne ya 20 na waasisi wa upagani mamboleo. Wapo watu wanaoishika leo kwa imani ya kweli, na wanastahili heshima. Ila bibi jirani yako hakukitoa kitambaa chake huko.

Alikitoa kwa mama yake. Na hapa ndipo utajiri wa sikukuu hii ulipo kwa macho yangu, kwenye nyumba za watu wa kawaida, kwa sababu kuanzia miaka ya 1930 tume ya taifa ya mila na ngano iliwatuma watu, hata watoto wa shule, kuwauliza wazee na kuandika walichosema. Makaratasi hayo yamehifadhiwa chuo kikuu cha UCD, Dublin, na nimeketi nayo siku nyingi.

Usiku wenyewe ni wa tarehe 31 Januari. Msichana wa nyumba, mara nyingi aliyeitwa Brigid, alitoka nje na kukusanya manyasi ya kinamasi, yale membamba ya mviringo yanayoota penye maji. Hayakukatwa kwa kisu, yaling'olewa kwa mkono. Kisha akasimama gizani mbele ya mlango uliofungwa na kubisha, akisema kwa Kiayalandi: "Pigeni magoti, fumbueni macho, mwacheni Brigid aingie." Waliokuwa ndani wakajibu: "Karibu, karibu mama mtukufu." Mara nyingine aliyarudia maneno hayo mara tatu ndipo mlango ukafunguliwa. Mswahili akisoma hayo anasikia hodi. Nyumba nzima imekaa kimya ikingoja mgeni, na mgeni mwenyewe ni mtoto wao akiwa amekumbatia manyasi mabichi, kitu cha kwanza cha kijani kuingia ndani tangu Novemba. Manyasi yaliwekwa chini ya meza, watu wakala viazi vilivyopondwa kwa siagi nyingi, wakasali, kisha wakaketi kuisuka misalaba.

Ule wa mwanao naamini una mikono minne na pindo la mraba katikati, maana ndio uliozoeleka zaidi, na televisheni ya taifa iliutumia kama nembo yake kwa miaka mingi. Lakini ulikuwapo wa mikono mitatu pia, ambao Ulster, jimbo la kaskazini, waliutundika kwenye zizi. Juu ya mlango au chini ya paa la nyasi ulikaa mwaka mzima ukiombewa uikinge nyumba na moto, radi, njaa na maradhi. Shuleni huenda walimsimulia kwamba Brigid alisuka wa kwanza kando ya kitanda cha chifu mpagani aliyekuwa akikata roho. Ni kisa kizuri, ila katika kitabu cha Cogitosus hakimo.

Kitambaa kinaitwa brat Bríde, joho la Brigid. Huachwa nje, dirishani au kichakani, ili Brigid apitapo usiku ule akiguse. Asubuhi kina umande, kinakunjwa na kuwekwa. Mtu akiumwa kichwa anafungwa nacho. Wakunga walikuwa nacho kwenye mfuko wao, na ng'ombe aliyezaa kwa shida aliwekewa mgongoni. Inaeleweka, kwa sababu Wagaeli wa Uskoti walimwita Brigid mama mlezi wa Kristo, na walisimulia kwamba alikuwa mkunga wa Bikira Maria kule Bethlehemu, ingawa waliishi mbali karne tano. Watu hao walijua hesabu ya miaka haikubali. Walichotaka ni mwanamke wa kwao awepo pale pangoni. Dada, usimcheke bibi huyo. Mwombe akuonyeshe kitambaa chenyewe. Baadhi ya familia wanacho kimoja hicho hicho, kinatolewa nje mwaka hata mwaka, na husemwa kwamba nguvu yake inaongezeka kadiri kinavyozeeka.

Mengine niyapitie haraka. Kerry vijana huvaa kofia ndefu za mabua zinazofunika uso na kuzunguka nyumba kwa nyumba na muziki, wakibeba mwanasesere wa Brigid. Upande wa Galway walisuka kamba ya mabua iliyofungwa kuwa duara kubwa, na kila mtu, hata ng'ombe, alipita ndani yake kuomba afya ya mwaka. Hapo kwenu Clare, karibu na majabali ya Moher, kuna kisima cha Brigid huko Liscannor ambacho watu huacha picha za wagonjwa wao, rozari na mishumaa. Nenda siku moja ukiwa na nafasi. Ni mahali pa huzuni na faraja, na hutahitaji mtu wa kukueleza.

Moto nao una habari yake. Gerald wa Wales, padri aliyefika Ireland miaka ya 1180, aliandika kwamba Kildare palikuwa na moto usiozimika, ukilindwa na watawa 19 kwa zamu ya usiku mmoja mmoja; usiku wa 20 waliuacha mikononi mwa Brigid mwenyewe, na asubuhi waliukuta unawaka. Kumbuka kwamba Cogitosus, aliyeandika karne tano kabla yake, hautaji. Ulizimika baadaye, na mwaka 1993 masista wa shirika la Brigid waliuwasha tena katika mji huo. Kuanzia mwaka 2023 siku hii ni mapumziko ya taifa Ireland, Jumatatu ya kwanza ya Februari, isipokuwa tarehe 1 ikiangukia Ijumaa, hapo Ijumaa yenyewe ndiyo mapumziko. Ni sikukuu ya kwanza ya taifa hilo kupewa jina la mwanamke. Kama ulifanya kazi siku hiyo, una stahiki zako za siku ya sikukuu. Ziulizie kwa mwajiri.

Halafu kesho yake, tarehe 2 Februari, ni siku ambayo Wakatoliki hata wa kwetu Kilimanjaro hubariki mishumaa kanisani, ukumbusho wa Yesu kutolewa hekaluni siku ya 40 baada ya Krismasi. Waayalandi wana kisa kinachoziunganisha siku hizo mbili. Maria alikuwa na haya ya kupita mbele ya umati, Brigid akajivika taji la mishumaa inayowaka kichwani na kutangulia, watu wote wakamtazama yeye, na Maria akapita na mtoto wake kwa utulivu. Kwa shukrani Maria akampa siku yake itangulie.

Sasa msalaba. Mimi sitakuamulia jambo la imani yako, ila nitakwambia kitu hicho ni nini kwa waliokutengenezea. Kwa mamia ya miaka watu waliousuka walikuwa wakimwomba Mungu kwa jina la Kristo, wakiutaja msaada wa mtakatifu wao. Wewe kama Mlutheri humwombi mtakatifu, na hakuna anayekulazimisha. Unaweza kuutundika kama msalaba, ukasali sala yako. Chini ya hapo kuna tabaka la kale zaidi, la watu waliofurahia kuona maziwa baada ya njaa. Nimelitazama tabaka hilo miaka mingi na sijaona ndani yake kitu cha kukuogopesha.

Ukiuacha, uweke juu ya mlango kwa upande wa ndani, au jikoni. Utakauka na kugeuka rangi ya mabua kabla ya Pasaka, ndivyo ulivyo. Mwakani mwanao akileta mpya, huu wa zamani msiutupe kwenye taka: wengine huuchoma, wengine huufukia shambani, na katika nyumba za zamani waliuchomeka darini karibu na wa mwaka uliotangulia, hata ukahesabu miaka ya nyumba kwa misalaba. Na jioni ya tarehe 31 Januari, akiwa amesimama nje na manyasi yake, mfungie mlango kidogo. Mwache apige hodi mara tatu.